Mtoto wa mke wangu anataka nimfundishe kunyoa ndevu, baba yake hataki

Shikamoo mzee wetu,

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga mjini, naishi Ngamiani, umri wangu miaka 43. Jambo ninalokuandikia wenzangu kijiweni wanalicheka, wanasema eti hilo nalo la kumsumbua mtu mzima. Mimi linaninyima usingizi.

Nilioa mwanamke aliyekuwa ameachika, ana mtoto mmoja wa kiume. Tulipooana mtoto alikuwa bado shule ya msingi, sasa ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Baba yake mzazi anafanya kazi Maskati. Siwezi kumsema vibaya. Ada inakuja kwa wakati, sikukuu kanzu na viatu vinaletwa, na kila Ijumaa baada ya swala anampigia mwanawe simu. Mtoto ananiita Anko. Sijawahi kumtaka aniite vingine.

Tunaishi vizuri lakini kwa mbali. Akirudi shule, "Shikamoo Anko", "Marahaba, za huko?", "Nzuri", anaingia chumbani. Nikimwita bandani anisaidie kuziba pancha anakuja, anafanya alichoambiwa, anaondoka. Sijawahi kumfokea, na yeye hajawahi kunivunjia heshima. Ila hajawahi kuniomba kitu. Akitaka daftari humwambia mama yake, na mama yake ndiye aniambie mimi.

Mwaka huu ndevu zimeanza kumtoka. Sharubu zimekolea, na chini ya taya vimeota vinywele vya kujiviringa, kimoja huku kimoja kule. Mwalimu wa nidhamu akamsimamisha mstarini mbele ya wenzake, akamwambia Jumatatu asimwone na uchafu ule. Mtoto hakusema nyumbani. Aliuchukua wembe wa bafuni, ule tunaouchomeka kwenye tundu la tofali pale dirishani, akajinyoa mkavu, bila maji wala sabuni, ameushika kwa vidole. Wembe huo ndio tunaokatia kucha nyumba nzima, na mama yake, ambaye anashona cherehani, ndio anaofumulia mishono. Alitoka na mkato kidevuni, na siku chache baadaye shingo yote chini ya taya ikajaa vipele, vingine vina usaha.

Mimi mwenyewe nimeacha ndevu za kidevuni tu, mashavu na shingo nanyoa. Nanyoa uani kila Ijumaa asubuhi nikishaoga, kwa mashine ya chuma ya wembe mmoja, ile unayofungua kichwa ukalaza wembe katikati. Nilifundishwa na marehemu baba yangu, aliyekuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Nina brashi, kibakuli cha bati, sabuni ya kunyolea na kipande cha shabu. Sasa Ijumaa moja nimeshajipaka povu, nikaona kwenye kioo mtoto amesimama mlangoni nyuma yangu. Akatazama mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Anko, hiyo haikutoi vipele?" Nikamwambia haijawahi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Nifundishe basi."

Mzee wangu, hilo ndilo ombi la kwanza nililolisikia kwa mdomo wake. Nilimwambia nitamfundisha, ila kwanza nizungumze na mama yake.

Mke wangu alivyosikia hakufurahi. Akasema, "Mpeleke kwa kinyozi yaishe, usiniletee maneno." Na maneno yakaja kweli, kwa sababu mtoto alimsimulia baba yake kwenye simu. Jioni ile ile baba akatuma ujumbe wa sauti kwa mke wangu. Alisema ndevu ni sunna na mwanawe asizinyoe. Akasema kunyoa mapema kutazifanya zitoke ngumu kama za mzee. Mwisho akasema mambo ya kiume ya mwanawe atamfundisha mwenyewe, mwakani akija likizo. Hakutukana. Lakini mke wangu alinipa simu nisikilize, akaondoka bila kusema neno.

Sasa shule wanataka anyolewe, baba hataki, mama anataka kinyozi, mtoto ananisubiri mimi. Kijiweni mmoja ananiambia, "Mtoto akililia wembe mpe." Mwingine ananiambia, "Huyo ni mtoto wa watu, kaa mbali." Je, nimfundishe kimya kimya? Nimwambie amsubiri baba yake? Au nimpeleke kwa kinyozi kama mama yake anavyotaka? Hofu yangu kubwa ni kwamba nikimwambia hapana, hatarudi tena kuniomba kitu.

Anko, Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba ndugu yangu, na asante kwa kuniamini na jambo la ndani ya nyumba yako. Wenzako wacheke tu, mimi sioni cha kuchekesha hapo. Mtoto ambaye miaka yote hiyo alikuwa anakupitishia shida zake kwa mama yake amekuja kwa miguu yake mwenyewe, na ombi alilokuja nalo limeangukia pale pale baba yake alipoweka mkono.

Kama nimekuelewa vizuri, kijana ana shingo iliyoharibika na anataka kujua namna ya kunyoa bila kuumia. Shule inataka uso safi. Baba anataka ndevu ziachwe, na zaidi ya hapo anataka jambo hili limngoje yeye. Mama anataka utulivu. Wewe unatamani kumfundisha, hutaki kuonekana unamnyang'anya mwenzako nafasi yake, na unaogopa ukikataa mtoto atarudi chumbani kwake kwa moyo na kwa mwili.

Kuna kitu kimoja hapo ambacho hakingoji idhini ya Maskati wala ya Ngamiani, nacho ni ule wembe wa dirishani. Nyumba nyingi za pwani zinao, na watu wake si wachafu, ni mazoea tu. Lakini wembe uliomkata mtu mmoja unabaki na damu ambayo jicho halioni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7, na huambukiza kupitia mkato mdogo sana. Kijana wa umri wake huenda alichanjwa utotoni. Ninyi watu wazima inawezekana hamkuchanjwa. Kila mtu awe na wembe wake, wa kucha ukae mbali na wa ngozi, na zilizotumika ziingie kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu, mpaka lijae litupwe mahali ambapo mtoto wala mzoa taka hatalishika kwa mkono. Ule msemo wa kijiweni kwamba akililia wembe mpe sikuupenda tangu niko mdogo, kwa sababu humalizikia kwenye kumwacha mtoto akatwe ndipo ajue. Huyu wa kwako ameshakatwa, na alipoona damu akaja kutafuta mtu wa kumwelekeza.

Sasa twende kwenye shingo yake. Nywele zetu za kipilipili zinaota kwa kujikunja. Ukizikata chini sana, ncha inabaki kali, na inapoanza kuota tena inajipinda na kuingia kwenye ngozi. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba, ndiyo vipele. Ndiyo maana vile viwembe vya plastiki vyenye makali mawili au matatu huwatesa wengi wetu: kali la kwanza linauvuta unywele juu, la pili linaukata, kisha unabaki umezama ndani ya ngozi. Makali mawili kwenye kichwa kimoja yalianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1971. Mashine ya aina yako, ya wembe mmoja mwembamba wa kutupa, iliingia sokoni mwaka 1903 kwa mkono wa King C. Gillette, na kwa ngozi kama zetu bado ina heshima yake, ikishikwa na mtu anayeijua. Nasema hivyo kwa makusudi. Isiposhikwa vizuri inakata kuliko hizo za plastiki.

Lakini shingo yenye usaha hainyolewi kwa chochote, iwe mashine ya baba yako au ya kinyozi bora wa mjini. Madaktari wa ngozi huwaambia watu wenye vipele vya aina hii waache wembe mpaka vitulie, na mara nyingi huwa ni wiki 4 hivi au zaidi. Kwa hiyo lile swali la nimfundishe au nisimfundishe hulazimiki kulijibu wiki hii. Mtoto naye hahitaji kusikia "hapana". Anaweza kusikia kwamba kwanza shingo ipone: aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, asivibinye vipele, asichokonoe kwa pini, na asipake spiriti kila asubuhi kama vijana wanavyopenda. Mwambie hayo mwenyewe, ukiwa unaitazama shingo yake mchana kweupe. Kwenye barua yako unaogopa kwamba ukikataa hatarudi tena. Nakuuliza kwa upole tu, una hakika mtoto aliyesimama mlangoni mpaka ukamaliza kunyoa atakimbia kwa sababu ya kusubiri? Naona huenda kitakachomkimbiza ni kuona watu wazima wanne wanamgombania huku hakuna aliyemtazama kidevu.

Shule nayo inahitaji mtu mzima. Yule kijana alinyoa kwa hofu ya kusimamishwa mstarini tena. Wewe au mama yake mnaweza kwenda kumwona mwalimu wa nidhamu, bila ugomvi, mkamwonesha shingo ilivyo na kumwomba muda. Mkiwa na karatasi ya daktari itakuwa rahisi zaidi. Walimu wengi wakiona mzazi amekuja mwenyewe hulegeza. Asipolegeza, ile mashine ya umeme inayoacha nywele fupi kidogo juu ya ngozi hupunguza bila kuzamisha ncha, na ndevu za kijana wa miaka 16 zikipunguzwa hivyo hazionekani kwa mbali.

Hapo ndipo naona mama yake naye ana hoja. Kinyozi si njia mbaya. Hatari zake zinajulikana: mashine inayohama kutoka kichwa hadi kichwa bila kufutwa kwa spiriti huleta mapunye, na wembe usiofunguliwa mbele ya macho yako si wa kukubali. Kuna vinyozi pia watakaompaka ile poda ya kuyeyusha ndevu wanayoiita magic. Wapo watu imewaokoa na vipele miaka mingi, lakini ni kemikali kali, ikizidi dakika zake inaunguza, na kwenye ngozi iliyochubuka kama yake haifai kabisa. Na kinyozi atamnyoa, hatamfundisha. Mtoto alisema nifundishe. Hata hivyo nisingependa umchukulie mke wako kama mtu anayekwepa. Aliposema "usiniletee maneno" huenda alikuwa anakumbuka maneno mengine ya zamani ambayo wewe hukuwepo yaliposemwa. Kukupa simu usikilize kisha akaondoka kimya, kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko ule ujumbe wenyewe. Umemuuliza anaogopa nini? Usimuulize kuhusu ndevu, muulize kuhusu baba wa mtoto. Mkiwa hamjakaa wawili mkaelewana, chochote utakachofanya uani Ijumaa asubuhi kitamuangukia yeye kwenye simu Ijumaa mchana.

Nije kwa baba. Alisema mambo matatu, na umeyaandika kama jambo moja. Nayaona hayana uzito sawa.

Hilo la kunyoa mapema kuzifanya ndevu ngumu tumelirithi wote, hata mimi niliambiwa. Halina ukweli. Unywele hukua kutoka kwenye mzizi ulio ndani ya ngozi, na wembe haufiki huko. Unachokata ni ncha nyembamba, unabaki na kisiki butu kinachokwaruza mkono, ndiyo tunadhani umekuwa mnene. Mwanasayansi wa Marekani Mildred Trotter alilipima hilo mwaka 1928 na hakuona ndevu kuongezeka wala kukua haraka kwa kunyolewa. Lakini usiende kumpiga baba wa watu na Trotter kwenye simu. Hoja hii ikishinda haitakusaidia kitu.

Hilo la sunna ni la kuheshimiwa, na mimi si mtu wa kukupa fatwa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelijadili sana suala la kunyoa ndevu, wapo waliosema ni karaha na wapo waliosema ni haramu, na sheikh wa msikiti wenu atakueleza vizuri kuliko mimi. Ninachotaka ukione ni kwamba kupunguza sharubu hakuna anayekupinga. Ni katika mambo ya fitra, yaani usafi wa mwili ambao dini imeuagiza. Kunyoa sehemu za siri na kuondoa nywele za kwapa ni fitra pia, na Anas bin Malik amepokea kwamba mambo hayo yasipitishe usiku 40. Kijana aliyebalehe anayetaka kuishika dini yake anahitaji kujua kushika wembe hata kama hatagusa unywele mmoja wa kidevuni. Nani amemfundisha hayo mpaka sasa? Huenda jandoni au madrasa walimgusia. Huenda hakuna aliyemwonesha kwa vitendo, na wembe anaoutumia huko ni ule ule wa dirishani. Baba yake akiulizwa hilo kwa heshima sidhani kama atasema lisubiri likizo.

Limebaki la tatu, kwamba mambo ya kiume atamfundisha mwenyewe. Hilo ndilo lililonigusa. Mtu yuko mbali na mwanawe, analea kwa fedha na kwa simu ya Ijumaa, kisha anasikia kwamba mtoto amemuomba mwanamume mwingine amfundishe kunyoa. Sunna na ugumu wa ndevu inawezekana ni maneno aliyoyakuta karibu. Inawezekana pia nakosea na ndiyo imani yake hasa. Wewe utamsikia vizuri kuliko mimi. Ila na wewe nakuuliza, mbona umekubaliana naye haraka hivyo kwamba kumfundisha mtu kunyoa ni kuwa baba yake? Wewe umefundishwa na baba yako, ndiyo maana unaliona hivyo. Wengi wetu tulifundishwa na kaka, na mjomba, na mwenzetu wa bweni, na baba zetu hawakupungukiwa kitu. Mtoto anakuita Anko. Hakuomba kubadilisha jina.

Kumfundisha kimya kimya sikushauri wala sikukatazi, nakutajia tu bei yake. Mtoto huyu amekwisha kuonesha kwamba anamsimulia baba yake mambo yake, na hiyo ni sifa nzuri. Ukimwambia "hii ibaki kati yetu" utakuwa umemtwisha siri ya kumficha baba yake, kila Ijumaa. Kumwambia asubiri mwakani nako kuna bei. Likizo za Maskati huahirishwa, shule haisubiri, na kijana aliyenyoa peke yake mara moja ataweza kunyoa peke yake mara ya pili.

Kuzungumza na baba moja kwa moja, mwanamume kwa mwanamume, naona kuna heri kuliko kupitisha maneno kwa mke wako, ila na hilo lina hatari yake. Akikupigia kelele je, utaweza kunyamaza? Akikukatalia waziwazi, utamwambia nini mtoto? Jibu hayo moyoni kabla hujabonyeza namba. Na usimtume mtoto akakuombee ruhusa. Akikataliwa atakuwa amekataliwa na baba yake kwa sababu yako, na hilo ni zito kwa miaka 16.

Huenda kuna njia za katikati. Baba anaweza kuchagua na kununua mashine yenyewe, ikaja na mgeni anayerudi au akatuma fedha ikanunuliwa hapa, halafu wewe ukamwonesha mtoto namna ya kuishika. Anaweza kukaa kwenye simu ya video siku hiyo, aseme anachotaka kusema, wewe ushike kioo. Anaweza kusema sharubu na shingo sawa, kidevu kiachwe, kama ulivyoacha wewe mwenyewe. Zinaweza pia kushindikana zote. Wapo watu ambao ukiwakaribisha nusu huona umewadharau. Wewe humjui na mimi simjui.

Siku hiyo ikifika, awe nani wa kumwelekeza, haya nayasema kwa kuwa nimeona vijana wengi wakiharibiwa shingo. Anyoe akitoka kuoga, ndevu zikiwa zimelainika. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, sabuni haitatoa povu la maana, chota ya bomba. Brashi izungushwe mpaka povu liwe zito lisilodondoka, likae usoni dakika moja au mbili. Kabla ya povu apapase shingo kwa vidole aone nywele zinalala upande gani, maana shingoni haziendi pamoja: pengine zinashuka, pengine zinakwenda pembeni. Afuate zinakolala, kamwe asiende kinyume. Mashine ashike mwisho wa mpini, ailaze kidogo, asiikandamize, uzito wake unatosha. Asivute ngozi ikakaza, kwa sababu ikiachiwa ncha inazama. Apite mara moja tu. Vikibaki vijinywele vya kukwaruza aviache, na hapa ndipo vijana wanaposhindwa, wanataka shavu la mtoto mchanga. Maji baridi, shabu juu yake, itawasha kidogo. Wembe aukaushe, hewa ya bahari ya Tanga hailazi chuma bila kutu, na mara tano au sita autupe. Kwanza ajaribu mashine bila wembe ndani, mpaka mkono uzoee. Na awe na mashine yake, asitumie yako.

Kuna jambo moja sikuliona kwenye barua yako na naliona ni la kulijua kabla ya yote. Baadhi ya watu ngozi yao ikikatwa au ikitoka kipele hujenga kovu gumu linalovimba na kuendelea kukua, na hali hiyo hutembea kwenye ukoo. Mtoto wa namna hiyo wembe wowote shingoni ni hatari, na heri awe wa mkasi na mashine ya umeme maisha yake yote. Mtazame ule mkato wa kidevuni: umelala, au unainuka? Mama yake atakueleza upande wake. Upande wa pili hakuna anayeujua Tanga nzima, anaujua baba yake tu aliye Maskati, ambaye mtoto huyo ndevu kazitoa kwake. Yeye alipoanza kunyoa alitoka vipele? Kuna ndugu yake mwenye makovu ya kuvimba, kisogoni au kifuani? Hayo unaweza kumpigia simu ukamuuliza, ukianza na salamu na hali ya shingo ya mwanawe, kabla ya kugusa suala la nani atamfundisha. Na kama kovu limeshaanza kuinuka, mpelekeni kwa daktari pale hospitali ya Bombo, na simu hiyo ipigwe mkiwa mmetoka huko.